Kadi mpya ya EBT imegoma? Sikiliza salio kabla ya kuagiza nyingine

Kadi ya EBT ndiyo inayobeba fedha za SNAP, msaada wa chakula wa serikali ya Marekani ambao wengi wetu bado tunauita food stamp ingawa jina hilo liliachwa rasmi mwaka 2008. Fedha zinatoka serikali kuu, kesi, yaani ombi lako la msaada na faili lake, inashughulikiwa na jimbo au kaunti, na kadi yenyewe iko mikononi mwa kampuni ambayo jimbo limeipa kandarasi. Ukishaelewa mgawanyo huo, nusu ya usumbufu imekwisha. Anayejibu simu ya nyuma ya kadi anaona kadi tu, hana faili lako. Mfanyakazi wa kesi naye anaona faili, lakini mara nyingi hawezi kukufungulia namba ya siri.

Kwa hiyo kadi ikigoma, tatizo liko katika moja ya sehemu tatu: kadi, namba ya siri, au kesi. Mbili za kwanza hutengenezwa na namba ya simu iliyo nyuma ya kadi, saa yoyote, hata usiku. Ya tatu hutengenezwa na ofisi ya msaada peke yake.

Namna ya kujua ni ipi: piga namba ya nyuma ya kadi, ingiza namba ya kadi, usikilize salio. Ukitajiwa kiasi cha fedha, kadi ni nzima na kasoro iko dukani au kwenye namba ya siri. Ukitajiwa sifuri, kadi ni nzima ila fedha hazijaingia, zimetumika, au kesi ina shida. Ukiambiwa kadi haitambuliki, au simu ikikataa taarifa zako, hapo ndipo kuna kazi ya kuwasha kadi, yaani kuithibitisha kwa simu ianze kufanya kazi.

Fanya hivyo kabla ya kuagiza kadi nyingine. Watu wengi wakiona kadi imekataa mara moja hukimbilia kuomba mpya, na dakika ile ombi linapopokelewa, kadi uliyoshika inakufa. Kama kosa lilikuwa tarehe ya kuzaliwa tu, sasa umejitafutia wiki nzima bila chakula, na kadi mpya ikifika itakataa kwa sababu ileile.

Kadi haijafika

Sheria inaipa ofisi hadi siku 30 kushughulikia ombi la kawaida, na siku 7 kwa familia ambayo karibu haina kitu na imepewa huduma ya haraka. Kadi nayo inapaswa kukufikia ndani ya siku hizo, lakini posta ina mambo yake. Wapo waliokubaliwa wakapata barua ya kukubaliwa, kadi isionekane.

Anza na takataka. Kadi huja katika bahasha ya kawaida isiyo na alama ya kuvutia macho, ili wezi wasiijue, na kwa sababu hiyo hutupwa pamoja na matangazo ya pizza. Waambie watoto na wenzako wa nyumba wasitupe bahasha yoyote hadi kadi ifike.

Kisha angalia anwani. Namba ya apatimenti ikikosekana, bahasha hurudi ilikotoka. Ukihama pia hurudi, kwa kuwa katika majimbo mengi kadi haisafirishwi kwenda anwani mpya hata kama umewajulisha posta. Mpangilio hapa ni muhimu: kwanza ofisi ya msaada ibadilishe anwani katika faili, ndipo kadi iagizwe. Ukiiagiza kwanza, itakwenda palepale pa zamani. Ofisi nyingine hutoa kadi papo hapo dirishani, kwa hiyo kabla hujakubali kusubiri posta, uliza.

Simu inakataa taarifa zako

Hapa ndipo watu wetu hukwama kuliko mahali pengine popote, na mara nyingi si kwa sababu ya Kiingereza.

Ili kuwasha kadi, mashine ya simu huuliza namba ya kadi, kisha kitu cha kuthibitisha kwamba kadi ni yako: kwa kawaida tarehe ya kuzaliwa, tarakimu 4 za mwisho za Social Security (namba ya utambulisho inayotolewa na serikali ya Marekani), au namba ya posta ya tarakimu 5 iliyo mwisho wa anwani. Majimbo hayafanani, lakini kwa kawaida yanataka taarifa za mtu mmoja tu, yaani mkuu wa kaya aliyeandikwa kwenye ombi. Kama ombi lilijazwa kwa jina la baba na mama ndiye anayewasha kadi, mama aingize tarehe ya baba. Akiingiza yake itakataliwa hata kama jina lake limo katika kesi.

Tarehe ina mitego miwili. Wa kwanza: Wamarekani huanza na mwezi. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1988 anabonyeza 03051988. Akibonyeza kama tulivyozoea, 05031988, mashine inasikia Mei 3 na kumkataa. Mtego huu ni mbaya zaidi kwa aliyezaliwa kati ya tarehe 1 na 12, maana mashine haioni kosa lolote katika muundo; inaona tu mtu asiye yeye.

Mtego wa pili ni wa waliopitia kambini. Wakimbizi wengi, wakiwa Nyarugusu, Kakuma, Dadaab au kwingineko, waliandikiwa Januari 1 kwa kuwa siku halisi haikujulikana au hapakuwa na karatasi ya kuithibitisha. Halafu mtu anafika Marekani, anaulizwa siku ya kuzaliwa, anaingiza ile aliyoambiwa na mama yake. Ni ya kweli, lakini kompyuta haiijui. Ingiza iliyo kwenye karatasi zako za uhamiaji, ndiyo ambayo ofisi iliinakili. Kama katika karatasi zako mwenyewe tarehe zinapishana, jaribu ile iliyo kwenye barua ya SNAP au kwenye nakala ya ombi.

Namba ya Social Security nayo ina kisa chake. Familia inayofika huombewa SNAP katika siku za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla kadi za Social Security hazijatoka. Ombi linakubaliwa kihalali kwa uthibitisho kwamba namba imeombwa. Lakini mashine ya simu inapouliza tarakimu 4 za mwisho, katika faili hakuna kitu cha kulinganisha. Namba ikija baadaye na usiipeleke ofisini, mashine itaendelea kukukataa. Dawa ni kumpelekea mfanyakazi wa kesi namba hiyo, kumwomba aiingize, kisha kusubiri hadi kesho yake mifumo miwili isomane. Kupiga simu tena baada ya dakika kumi hakusaidii.

Namba ya posta: ingiza ya anwani iliyo kwenye faili, hata kama umeshahama.

Zipo pia sababu ndogondogo. Mashine hukata ukichelewa kubonyeza, kwa hiyo andika kila kitu kwenye karatasi, weka simu kwenye spika, ndipo uanze. Namba ya kadi katika majimbo mengi ina tarakimu 16, lakini yapo yenye zaidi. Bonyeza zote zilizo mbele ya kadi. Ukiambiwa ubonyeze alama ya reli (#) mwishoni, usipoibonyeza mashine itabaki ikikungoja.

Kuhusu lugha: menyu huanza kwa Kiingereza na Kihispania, wakati mwingine na lugha nyingine chache. Usikate simu. Tafuta chaguo la kuzungumza na mtu, kisha sema maneno haya tu: "Swahili interpreter, please." Mkalimani ni bure, wajibu huo unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kwa hiyo huombi fadhila. Huyo mkalimani akizungumza Kiswahili cha Nairobi na wewe ni wa Bukavu au Uvira na hamwelewani, una haki ya kuomba mwingine. Na afadhali huyo kuliko mtoto wako wa miaka kumi, anayejua Kiingereza cha shuleni lakini hajui maana ya kaya wala kesi.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi kwa mdomo hata mkalimani akiwepo: namba ya siri. Hiyo hubonyezwa kwenye simu. Anayekuomba uitaje, awe anajiita ofisi, benki au kampuni ya kadi, ni mwizi. Vivyo hivyo ujumbe wa simu unaosema kadi yako imefungwa na kukupa namba ya kupiga. Namba ya kweli ni iliyochapwa nyuma ya kadi. Hata ile unayoitafuta kwenye intaneti inaweza kuwa ya bandia.

Namba ya siri imekataa

Ina tarakimu 4. Katika majimbo mengi unaichagua mwenyewe wakati wa kuwasha kadi; kwingine huja kwa posta katika bahasha ya pekee, siku tofauti na kadi. Ukipata kadi bila namba, au namba bila kadi, subiri siku chache kabla ya kupiga kelele.

Ukikosea mara kadhaa mfululizo, kadi hujifunga. Katika majimbo mengi hufunguka yenyewe baada ya saa sita usiku, na hapo katikati hakuna ujanja wa keshia wala wa meneja wa duka. Kama umesahau kabisa, piga namba ya nyuma ya kadi na uchague kubadilisha. Aliyepata kadi ya kuchukua nafasi ya iliyopotea ajaribu kwanza namba yake ya zamani, maana baadhi ya majimbo huihamishia kwenye kadi mpya.

Usiweke 1234, wala 0000, wala mwaka wako wa kuzaliwa. Wezi huanza na hizo.

Salio lipo, duka linakataa

Hapa kosa ni la mashine, la bidhaa au la duka, na kadi haina hatia.

Kosa la kwanza kwa wingi ni kitufe. Mashine ya malipo huuliza aina ya kadi. Ukibonyeza Debit au Credit, itakataa. Ukibonyeza EBT Cash na huna msaada wa fedha taslimu, itakataa pia. Chagua EBT Food, au EBT kisha Food. Mashine nyingine haiulizi hadi keshia aanzishe kwake, kwa hiyo mwambie mapema, "EBT," kabla hajafunga hesabu.

Pili, bidhaa. SNAP inanunua chakula cha kupika na kula nyumbani, pamoja na mbegu na miche ya kupanda chakula. Hainunui sabuni, nepi, dawa, vitamini, pombe, sigara, wala chakula cha moto kama kuku wa kuchomwa aliye kwenye kabati lenye joto dukani. Kuku huyohuyo akiwa amepoa kwenye friji anaruhusiwa, usiniulize mantiki. Kuanzia 2026 baadhi ya majimbo, yakiwemo Indiana, Iowa na Utah, yamezuia pia soda, na mengine yameongeza peremende. Bidhaa hizi zikichanganyika na chakula, kadi hulipa chakula na kiasi kingine hubaki kwenye skrini. Mtu anadhani kadi imekataa, kumbe anadaiwa sabuni tu.

Tatu, kiasi. Kama bei ni kubwa kuliko salio, mashine nyingine hukataa yote badala ya kuchukua zilizopo. Soma risiti ya mwisho, mtajie keshia kiasi kilichobaki, apitishe EBT kwanza kisha umalizie na fedha nyingine.

Nne, duka. Kila duka linalopokea EBT lazima liwe limeidhinishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA. Maduka mengi ya Kiafrika tunakonunua unga wa muhogo, sombe na dagaa ni madogo, na si yote yenye idhini. Tafuta kibandiko cha EBT mlangoni au uliza kabla ya kujaza kikapu. Mwenye duka akikwambia atakupa fedha taslimu badala ya chakula kwa kukata sehemu yake, ondoka. Hilo ni kosa la jinai, na wewe utapoteza kesi yako pamoja naye.

Kadi nyingi bado zina mstari mweusi wa sumaku tu. California ndiyo iliyotangulia kutoa kadi za EBT zenye chipu, mwaka 2025. Mstari ukichubuka, keshia anaweza kuandika namba ya kadi kwa mkono, nawe ukabonyeza namba ya siri kama kawaida. Kadi ikilipa kwa njia hiyo, hapo kweli ni plastiki iliyoharibika na unaweza kuagiza nyingine bila wasiwasi.

Na kuhusu mipaka: EBT ya jimbo lolote inafanya kazi katika majimbo yote. Lakini baadhi ya majimbo yameweka kwenye programu ya simu swichi ya kuzuia manunuzi ya nje ya jimbo. Mkazi wa Louisville, Kentucky, akivuka mto Ohio kununua vitu Jeffersonville yupo Indiana tayari. Kama kwenu swichi hiyo ipo na umeiwasha, izime kwanza.

Salio ni sifuri

Kupata kadi si kukubaliwa. Ofisi nyingine hutoa kadi siku ya kuomba, kabla ya uamuzi. Kinachokubali ni barua, nayo hutaja kiasi na tarehe. Mwezi wa kwanza kiasi huwa kidogo kwa sababu huhesabiwa kuanzia siku uliyoomba.

Tarehe ya fedha kuingia hutegemea jimbo. Vermont na Rhode Island huweka tarehe 1 kwa wote, Texas husambaza hadi tarehe 28, na majimbo mengi hufuata namba ya kesi au herufi ya jina. Jirani yako kupata leo hakumaanishi na wewe utapata leo. Waliotoka Kakuma wakiwa wamezoea Bamba Chakula, msaada wa chakula wa kambini uliopitia simu, ambako ujumbe ulilia kwenye simu fedha zikiingia, hungoja ujumbe kama ule. Usiungoje. Piga simu ya kadi au tazama programu ya kadi ambayo jimbo lako linaitambua.

Kama tarehe imepita, angalia orodha ya matumizi. Ukiona manunuzi usiyoyajua, hasa katika mji ambao hujawahi kufika, kadi yako imenakiliwa, pengine na kifaa kilichobandikwa juu ya mashine ya duka. Badilisha namba ya siri papo hapo, funga kadi, ripoti ofisini siku hiyohiyo. Nasikitika kusema kwamba fedha za serikali kuu za kufidia wizi huu ziliishia kwa wizi wa hadi Desemba 20, 2024. Tangu hapo fidia hutegemea jimbo lako, na mengi hayalipi. Ndiyo maana nawashauri watu wabadilishe namba ya siri siku moja kabla ya fedha kuingia, na wafunge kadi kwenye programu wakimaliza kununua, pale jimbo linaporuhusu.

Kama hakuna matumizi na hakuna fedha, basi ni kesi. Sababu ya kawaida ni barua ya kuhuisha kesi ambayo haikujibiwa. Ya pili ni mpya na nzito zaidi: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana kadi ya kijani (green card, kibali cha ukaazi wa kudumu). Watu wa nyumba moja wanaweza kutofautiana: watoto waliozaliwa Marekani wabaki, mzazi aondolewe, salio lipungue. Ukipata kadi ya kijani, ipeleke ofisini na uombe kesi iangaliwe upya. Usidhani watajua wenyewe. Na kama unaona wamekosea, una siku 90 tangu uamuzi ulipochukuliwa kuomba usikilizwe rasmi. Ofisi za msaada wa sheria wa bure hushughulikia kesi hizi.

Kadi iliyokaa miezi 9 bila kutumika pia hufutiwa fedha, na zikishafutwa hazirudi.

Una kadi mbili au tatu na hujui ipi ni hai

Kwanza tenga ya WIC, msaada mwingine wa chakula. Ile ni ya wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5, hutolewa na kliniki, ina namba yake ya siri, na hainunui chochote nje ya orodha yake. Kuiwasha kwa namba ya simu ya SNAP hakutafanikiwa kamwe.

Zilizobaki zikiwa zote za SNAP, hai ni iliyotengenezwa mwisho, na si lazima iwe iliyofika mwisho. Aliyeagiza Jumatatu, akaagiza tena Alhamisi kwa kukosa subira, ataipokea ya Jumatatu ikiwa imeshakufa. Ataijaribu, itakataa, ataagiza ya tatu, na hiyo itaiua ya Alhamisi ikiwa bado njiani. Piga simu uulize tarakimu 4 za mwisho za kadi iliyo hai, kisha kata nyingine kwa mkasi. Ukifikisha maombi manne ndani ya miezi 12, jimbo lina ruhusa ya kuizuia kadi inayofuata hadi ufike au upige simu ofisini kujieleza.